Sura ya 6: Poliesta Inayokubali Kuyeyuka

Pasua kwa msumeno kichujio cha RO (osmosisi kinyume) kilichochoka, kile cha mviringo kinachokaa ndani ya mashine za maduka ya maji ya kunywa. Utakuta karatasi nyeupe zilizoviringishwa kuzunguka bomba la plastiki, na kati yake wavu mwembamba wa kupitishia maji. Chana kipande kimoja ukiinue kwenye mwanga. Kwa macho ni kitu kimoja, lakini ni tabaka 3 zilizoshikana. Nyuma, upande wenye nyuzinyuzi, pana kitambaa kisichofumwa chenye unene wa maikromita 100 hivi. Juu ya kitambaa limekaa tabaka la polisalfoni, plastiki yenye vinyweleo, maikromita 40 hadi 50. Juu kabisa, mahali ambapo huoni chochote ila mng'ao kidogo, pana utando wa poliamidi ambao kwa kawaida haufiki hata robo ya maikromita moja. Huo wa juu ndio unaozuia chumvi. Kitambaa cha nyuma ni poliesta, ya ukoo mmoja na shati la sare ya shule na chupa ya soda.

Poliesta basi imo ndani ya karibu kila kichujio cha aina hiyo duniani, lakini imepewa kazi ya kubeba wenzake tu. Kuchuja inachuja poliamidi. Jambo hilo linastahili kuulizwa, kwa sababu poliesta ni rahisi kwa bei, ni imara, imekaa na vyakula na vinywaji vyetu kwa miongo mingi, na viwanda vya kuitengeneza vimetapakaa katika mabara mengi. Kilichoizuia kupanda tabaka za juu ni kwamba poliesta tuliyoizoea haitaki kuyeyuka katika kimiminika chochote cha kawaida, na kichujio kizuri, kwa njia tunazozijua vyema, huanza maisha yake kama plastiki iliyoyeyushwa.

Ukaidi huo haukutokea kwa bahati mbaya. Watu waliutafuta kwa makusudi.

Mwaka 1930, katika maabara ya DuPont mjini Wilmington, Marekani, Julian Hill, aliyekuwa chini ya mkemia Wallace Carothers, alivuta uzi mrefu kutoka kwenye poliesta iliyoyeyushwa kwa moto. Uzi ulipopoa aliuvuta tena, ukarefuka, ukang'aa, ukawa na nguvu isiyotarajiwa. Furaha haikudumu. Nyuzi hizo zililainika kwenye maji ya moto, na viyeyushi vya madobi, wale wanaosafisha suti bila maji, viliziharibu. Nguo ya namna hiyo angeuziwa nani? Carothers akageukia poliamidi, na mwaka 1935 maabara yake ikapata nailoni.

Waliorudi kwenye poliesta ni Waingereza wawili wa Calico Printers' Association ya Manchester, John Rex Whinfield na James Tennant Dickson. Mwaka 1941 walibadilisha tofali moja la ujenzi. Badala ya asidi zenye mikia laini alizotumia Carothers, walichukua asidi ya tereftali, ambayo ina pete ngumu ya kaboni 6 na mikono 2 ya kuungania iliyonyooshwa pande mbili zinazotazamana. Minyororo ya molekuli iliyopatikana ilinyooka, ikalala bega kwa bega. Ndiyo PET. Inahitaji joto la nyuzi 250 hadi 260 ili iyeyuke, na vimiminika vingi havipati pa kupenyea. Kuiyeyusha bila moto kunadai vitu kama asidi ya trifluoroasetiki, au mchanganyiko wa fenoli na tetrakloroethani, ambavyo mfanyakazi hapaswi hata kuvuta mvuke wake.

Kuna njia moja ya kuigeuza PET kuwa chujio bila kuiyeyusha, nayo inanivutia kila ninapoifikiria. Katika Taasisi ya Pamoja ya Utafiti wa Nyuklia huko Dubna, Urusi, filamu nyembamba ya PET hupigwa kwa ioni nzito zilizoongezwa kasi. Kila ioni hupenya filamu na kuacha nyuma yake mstari wa molekuli zilizovunjika. Kisha filamu inatumbukizwa kwenye kostiki soda, ile ile ya watengeneza sabuni, ambayo hula kwa haraka zaidi mistari iliyojeruhiwa kuliko sehemu nzima. Yanabaki matundu ya duara yenye vipenyo karibu sawa kabisa. Maabara na hospitali huzithamini sana tando hizo. Lakini matundu yakizidi wingi yanaingiliana, kwa hiyo eneo la kupitisha maji ni dogo, na si kila nchi ina mashine ya kurusha ioni. Maji ya mji mzima hayatachujwa hivyo.

Njia iliyofungua mlango kwa miji ni ya Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan, wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Kabla yao ilikuwa imeshajulikana kwamba filamu ya selulosi asetati huzuia chumvi ya bahari. Tatizo ni kwamba maji matamu yalipita kwa kudondoka. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wawili hao waliiyeyusha selulosi asetati, wakaitandaza juu ya kioo, wakaizamisha katika maji baridi. Walipata kitu chenye sura mbili: ngozi nyembamba iliyobana upande mmoja, na chini yake mwili wenye vinyweleo tele. Chumvi iligota kwenye ngozi, na maji yakishavuka hapo hayakukutana na kizuizi tena. Mwaka 1965 mji mdogo wa Coalinga, California, ukaanza kunywa maji ya mtambo uliotumia tando za namna hiyo.

Tangu hapo, kutandaza na kuzamisha ndiyo kazi ya mikono ya fani hii. Polisalfoni ilishinda kwa sababu inakubali. Inayeyuka vizuri katika viyeyushi vichache vinavyojulikana viwandani, inatandazika, na ikishaganda ni imara. PET haikuweza hata kuingia kwenye mashindano.

Wakemia walilazimika kuivuruga poliesta. Minyororo ya PET inapangana kama kuni zilizonyooka ndani ya mzigo uliofungwa vizuri. Ukitaka nafasi ndani ya mzigo, changanya kuni zenye matawi. Hatua ya kwanza ni kuchukua asidi ya isoftali, ambayo mikono yake haitazamani bali imekaa kwa pembe, ili mnyororo upinde kila baada ya hatua chache. Hatua ya pili, ambayo ndiyo kiini cha kazi, ni kuingiza molekuli yenye kitu kinachojitokeza ubavuni, kikubwa na kigumu, kisichoruhusu mnyororo wa jirani kusogea.

Molekuli moja ya namna hiyo inajulikana kwa kila aliyesoma kemia ya sekondari Afrika Mashariki: fenolfthaleini. Ni yale matone yasiyo na rangi tunayoyatia kwenye chupa wakati wa kupima asidi kwa besi, kisha tone moja la ziada kutoka kwenye bureti linageuza kila kitu kuwa waridi. Ndani yake mna pete 2 zenye mikono ya kuungania, zote zimeshikwa na kaboni moja ya katikati, na kwenye kaboni hiyo hiyo imesimama pete ya tatu, kwa kukingama. Katika miaka ya 1960 huko Moscow, Vasily Korshak na Svetlana Vinogradova walichunguza kwa kina polima zenye vizuizi vya ubavuni vya aina hii, zikiwemo poliesta zilizojengwa kwa fenolfthaleini. Poliesta hizo zilistahimili joto kali, na bado ziliyeyuka katika viyeyushi vya kawaida vya maabara. Mambo hayo mawili yalikuwa yakidhaniwa kuwa hayakai pamoja.

Zinavyopikwa ni jambo la kutazamwa. Fenolfthaleini inayeyushwa kwenye maji yenye kostiki soda, na maji yanakuwa waridi iliyokolea. Kloridi za asidi ya tereftali na isoftali zinayeyushwa katika kimiminika kingine kisichochanganyika na maji. Unavikutanisha vimiminika viwili na kuvikoroga kwa nguvu, pamoja na kiasi kidogo cha kemikali ya kuvusha molekuli kutoka upande mmoja hadi mwingine. Minyororo inajijenga pale tu vimiminika vinapogusana. Kadiri fenolfthaleini huru inavyokwisha, ndivyo waridi inavyofifia. Mwisho unamimina ile sehemu isiyo maji ndani ya methanoli, na poliesta inajitenga ikiwa nyuzi na vipande vyeupe, unavichuja, unaviosha, unavikausha. Hakuna joto la nyuzi 280 wala mitambo ya kunyonya hewa inayohitajika kwa PET. Maabara ya chuo kikuu yenye vifaa vya kawaida inaweza kufanya hivyo, ilimradi ina chemba nzuri ya kutolea mvuke.

Kinachofuata ni kutandaza. Poliesta kavu inatiwa katika kiyeyushi, tuseme methilipirolidoni, inayofupishwa NMP, kwa kiwango cha gramu 15 hadi 20 katika kila gramu 100 za mchanganyiko. Inakorogwa taratibu mpaka iwe nzito na angavu, kisha inaachwa itulie ili mapovu yote yapande na kutoka. Povu moja likibaki litakuwa tundu. Mchanganyiko unamwagwa kwenye ukingo wa kioo kisafi, na kisu cha chuma kilichoachiwa mwanya wa maikromita 200 hivi kinasukumwa kwa mwendo mmoja usiokatika. Kioo kinazamishwa ndani ya karai la maji. Kwa sekunde chache filamu angavu inapauka, kisha inakuwa nyeupe kabisa. NMP inakimbilia kwenye maji, maji yanaingia kuchukua nafasi yake, na poliesta, isiyopenda maji, inajikunyata kuwa kuta. Palipokuwa na kimiminika panabaki vinyweleo. Baada ya muda mfupi filamu yenyewe inajibandua na kuelea.

Ufundi wote umo katika sekunde hizo. Maji yakiingia kwa kasi, utando unapata mashimo marefu yanayoshuka tangu juu hadi chini, maji yanapita kwa wingi lakini nguvu inapungua. Yakiingia polepole, unapata mwili wa sifongo, imara zaidi na mgumu kupitisha. Mtafiti hubadilisha joto la karai, au huongeza kiyeyushi kidogo ndani ya maji yenyewe, au huchanganya polivinilipirolidoni ambayo baadaye husombwa na kuacha nafasi. Anaweza pia kushona kwenye mnyororo makundi ya salfoneti yanayovuta maji, ili uchafu wa mafuta na protini usigande juu ya utando. Hapo lazima kipimo kiheshimiwe. Salfoneti zikizidi, poliesta inaanza kusambaa katika maji ya moto. Watengenezaji wa vitambaa vya kuchujia wanaitumia tabia hiyo kwa faida: wanasokota uzi wenye nyuzi ndogo sana zilizozungukwa na poliesta yenye salfoneti, wanauosha kwa maji, ile ya nje inaondoka, na zinabaki nyuzi nyembamba ambazo hakuna mashine ingeweza kuzisokota moja moja.

Utando uliotandazwa hivi una vinyweleo vya nanomita chache hadi mia moja. Bakteria wa kipindupindu ana upana wa nanomita 500 hivi, hapiti. Kirusi cha polio kina nanomita 30, nacho kitazuiwa ikiwa vinyweleo vimebanwa ipasavyo. Chumvi inapita yote. Floridi inapita yote pia, na hili nalisema kwa herufi kubwa kwa ajili ya watu wa Arumeru na Nakuru, ambao meno na mifupa ya watoto wao yanaharibiwa na maji maangavu yasiyo na kijidudu hata kimoja. Mtu akikuuzia chujio la vinyweleo vya namna hii kwa kukuahidi kuondoa floridi, usimpe fedha yako. Kwa kazi hiyo unahitaji ngozi iliyobana zaidi juu ya utando, na kwenye ngozi ndiko poliesta inakokuja na hoja yake nzito kuliko zote.

Ngozi ya poliamidi tunayoitumia leo ilitokana na kazi ya John Cadotte katika miaka ya 1970. Ni nzuri mno kwa kuzuia chumvi. Adui yake ni klorini. Kwenye kiungo cha amidi, nitrojeni imeshika hidrojeni moja. Klorini huing'oa hidrojeni hiyo na kukaa mahali pake, kisha huhamia kwenye pete ya jirani, na mwishowe mnyororo unakatika. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya bomba yamfikie mtumiaji yakiwa bado na angalau miligramu 0.2 za klorini kwa lita, ili yasichafuke njiani. Kiwango hicho kinachomlinda mtoto dhidi ya kuhara kinatosha kuua utando wa poliamidi kikiachwa kifanye kazi yake siku baada ya siku.

Tazama basi mzunguko ulivyo kwenye mitambo ya kutoa chumvi ya bahari, kwa mfano ile ya Barka na Sur nchini Oman, katika nchi ambayo familia nyingi zenye asili ya Unguja na Pemba hutegemea maji hayo. Katika mitambo ya aina hiyo maji ya bahari hutiwa klorini yanapoingia, la sivyo chaza na mwani wataziba mabomba. Kabla ya kufika kwenye tando klorini inaondolewa kwa kemikali. Hapo vijidudu vilivyosalia vinapata nafasi, vinajenga utelezi juu ya utando, pampu zinafanya kazi zaidi, umeme unapanda. Maji yakishachujwa yanatiwa klorini tena kwa ajili ya safari ya mjini. Fedha inatumika kutia, kutoa na kutia kitu kile kile, kwa sababu ya hidrojeni moja iliyoshikwa na nitrojeni.

Kiungo cha esta hakina nitrojeni, wala hakina hidrojeni ya kung'olewa. Klorini inapita kando yake. Mwaka 2016 kundi la Andrew Livingston wa Imperial College London lilionyesha ngozi za poliesta zenye unene wa takriban nanomita 20, zilizojengwa kwa molekuli zilizopindapinda zinazoacha nafasi ndani yake. Mwaka 2024, kundi linalomhusisha Menachem Elimelech lilichapisha katika jarida la Science utando wa poliesta wa kutoa chumvi uliohimili klorini kikamilifu, uliozuia pia boroni, madini ambayo poliamidi huachia kwa wingi, na wenye uso laini usioshika uchafu kwa urahisi. Waliujenga kwa asidi ambayo kati ya mikono yake miwili ya kuungania limekaa kundi dogo la methili, likisonga nafasi inayokizunguka kiungo. Ngozi hizo zimeshonana pande zote, kwa hiyo hazitandazwi kwa kisu. Zinajengwa papo hapo juu ya tabaka lenye vinyweleo. Tabaka hilo katika tando za leo kwa kawaida ni polisalfoni. Naamini inapasa kuwa poliesta inayoyeyuka, ili kitambaa cha nyuma, mwili wa kati na ngozi ya juu viwe vya ukoo mmoja.

Sababu yangu ni mwisho wa maisha ya kichujio. Kile tulichokipasua mwanzoni mwa sura kitaenda dampo, kwa kuwa hakuna anayeweza kutenganisha tabaka zake 3 kwa gharama ya maana. Kingekuwa poliesta tupu, kostiki soda ya moto ingekata viungo vyote vya esta na kurudisha asidi na pombe zilizokijenga. Kwa mlango huo huo chupa za PET zinaweza kuingia: alkali inazivunja hadi asidi ya tereftali, asidi inageuzwa kloridi, kloridi inaunganishwa na molekuli yenye kizuizi ubavuni, na plastiki iliyokuwa kaidi inakuwa ile inayotandazika. Hatua hizo zote zinajulikana. Hazijawa rahisi kwa bei, na kloridi za asidi si kemikali za kuchezea.

NMP nayo inanikosesha raha. Umoja wa Ulaya umeiweka katika kundi la kemikali zinazodhuru uzazi, na tangu 2020 matumizi yake huko yamewekewa masharti makali. Kila kioo kinachozamishwa kinaacha karai lenye NMP. Kutengeneza vichujio vya maji kwa kuchafua maji ni jambo lisilokubalika, na watafiti wanapima viyeyushi vinavyotokana na mimea, kama gamavalerolaktoni na dimethiliisosobidi. Poliesta yenye nafasi ndani yake ina matumaini zaidi hapa kuliko plastiki zilizobana, lakini kila polima lazima ijaribiwe na kila kiyeyushi, moja baada ya nyingine.

Kisha kuna alkali. Kiungo kile kile kinachoishinda klorini hukatwa na kostiki soda, na tando za leo za poliamidi huoshwa kwa maji yenye pH ya 11 au 12 zikishika uchafu. Selulosi asetati ya Loeb na Sourirajan ilikuwa na udhaifu huo huo, nao ulichangia kupunguza nafasi yake sokoni. Poliesta mpya zenye vizuizi vizito kando ya kiungo zinastahimili zaidi, na mitambo itakayozitumia itabidi ijifunze kuosha kwa klorini yenyewe, jambo ambalo poliamidi haikuruhusu kamwe.

Ninachoomba kwa watafiti ni jambo moja la kawaida kabisa. Vipimo vingi vya maabara hufanywa kwenye nyuzi 25. Bahari ya pwani yetu inafika 28 na 29, ya Ghuba inavuka 30 wakati wa kiangazi, na tangi jeusi juu ya paa la Mombasa au Dar es Salaam linapata joto kuliko yote hayo. Mmenyuko unaokata viungo vya esta huongeza kasi takriban maradufu kila joto linapopanda nyuzi 10. Utando uliothibitishwa kudumu miaka 5 katika maji ya nyuzi 25 huenda usifike 3 kwenye tangi kama hilo. Vipande vya utando viwekwe kwenye maji ya nyuzi 40, kwenye alkali hafifu na kwenye klorini, kwa miezi mingi, na vitolewe mara kwa mara kupimwa urefu wa minyororo iliyobaki, kabla mtu yeyote hajachapisha bei.